Kila Kazi Iwekewe Alama

(Hotuba ya Mkurugenzi wa Ubora, Vipimo na Viwango, iliyotolewa katika ukumbi mkubwa wa chuo siku ya kuzindua mfumo mpya wa kupima wanafunzi wa shahada ya kwanza ya sanaa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo. Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye kalamu yake naiona imeshafunguliwa. Waheshimiwa manaibu wake wote watatu, pamoja na yule wa nne anayekaimu. Mkuu wa Idara ya Sanaa. Walimu wa uchoraji, uchongaji na ufinyanzi, mkiongozwa na dada yetu tunayemwita Mama Udongo. Wazazi na walezi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu mliosimama nyuma kwa sababu viti vimekaliwa na kamati. Fundi wa vipaza sauti. Na mimi mwenyewe, ambaye kwa unyenyekevu nilio nao ningependa kutajwa mwisho, na nimetajwa mwisho, kwa kuwa ratiba niliiandika mimi. Kama kuna mtu sijamtaja, ajitaje kimoyomoyo, nami nitahesabiwa kuwa nimemtaja. (Makofi machache. Kipaza sauti kinapiga mluzi.)

Ndugu zangu, leo ni siku ya kihistoria, na si mimi peke yangu ninayesema hivyo, imeandikwa pia kwenye bango nililoagiza litundikwe hapo juu. Tunazindua Mfumo wa Kupima Ujifunzaji wa Wanafunzi wa Shahada, kwa kifupi MKUWASHA. Wapo wenye midomo yao waliosema kwamba mfumo huu utatuwasha. (Kicheko.) Nawajibu kwamba hata taa huwashwa. (Kicheko kinazidi. Mkurugenzi anainama kushukuru.)

Kabla ya mfumo huu hali ilikuwa ya kutisha. Mwalimu wa uchoraji alikuwa anasimama mbele ya picha ya mwanafunzi, anainamisha kichwa, ananyamaza dakika kumi, halafu anasema "mmh." Nauliza, ndugu zangu, hiyo "mmh" ni asilimia ngapi? Inaingia kwenye indiketa gani? Stekihoda akiniuliza, nimjibu "mmh"? Nilikwenda mwenyewe karakana ya ufinyanzi nikamwomba Mama Udongo anipe data, akanipa chungu. Nikamwomba vigezo vya chungu, akakigonga kwa kidole kikalia, akaniuliza kama nimesikia. Nilisikia, sikatai, lakini fomu yangu haikuwa na safu ya kuandika nilichosikia. (Kicheko. Mama Udongo anatazama sakafu.)

Ndipo Baraza likaona lazima apatikane mtu asiye na upendeleo wa aina yoyote katika sanaa, mtu safi, asiyeijua kabisa, na baada ya msako wa kina jina langu likapita bila kupingwa. Mimi tangu darasa la tatu nikichora ng'ombe watu huniuliza kiti hicho ni cha nani. Nyumbani mke wangu amenikataza hata kutundika kalenda, maana nikishaitundika mimi, wageni huondoka na maumivu ya shingo. Kwa sifa hizo nikakabidhiwa vipaji vya vijana sitini, nikasema asante, nikaomba ofisi kubwa zaidi.

Sasa niwaeleze tulivyofanya kazi, kwa sababu uwazi ni nguzo ya pili ya MKUWASHA, ya kwanza nitaikumbuka. Tulifanya vikao kumi na tisa. Tukaandaa frameweki, tukaiweka ndani ya frameweki nyingine kubwa zaidi ili isipotee. Halafu nikatoa Waraka Namba Saba, ambao niliuandika na kuurekebisha mara kumi na moja mpaka yakabaki maneno tisa tu, maneno ambayo nayakumbuka hata nikiamshwa usingizini: "Walimu wahakikishe kila kazi imewekewa alama kabla ya ukaguzi." Hakuna aliyeuliza swali. Mkuu wa Idara alinijibu siku ileile kwamba wameelewa. Nikafurahi, maana katika utumishi wangu wote sijawahi kueleweka upesi namna hiyo.

Siku ya ukaguzi nikaingia studio kubwa nikiwa na katibu muhtasi wangu. Tulianzia mlangoni tukaishia dirishani. Walimu walikuwa wametekeleza, nawapongeza: kila kazi ilikuwa na kibandiko cheupe pembeni, na kwenye kibandiko namba, kwa mwandiko safi kabisa. Mimi nasoma, katibu anaandika. Kazi zote tulizimaliza kwa dakika kumi na nne, na katika hizo, mbili nilikuwa naongea na simu. (Minong'ono kutoka nyuma.) Najua mnashangaa kasi hiyo. Zamani walimu walikuwa wanachukua wiki tatu.

Na matokeo yaliyobandikwa leo asubuhi, ndugu zangu, yanazungumza yenyewe. Kwanza, katika wanafunzi sitini, hakuna hata wawili waliofungana. Kuna aliyepata moja, kuna aliyepata mbili, kuna aliyepata tatu, hivyo hivyo mpaka sitini, kila mtu na alama yake. Wataalamu wa takwimu watakwambia jambo hilo haliwezekani. Sisi tumeliweza. (Kicheko kikubwa. Mkurugenzi anasubiri kitulie, ametabasamu.) Pili, uchambuzi wangu umeonyesha kwamba alama zinapanda kwa utaratibu kadiri unavyotembea kutoka mlangoni kwenda dirishani, moja moja, bila kuruka. Nililala na jambo hili siku mbili, nikaamka na jibu: mwanga wa dirisha unakuza ujifunzaji, na mlango unaudumaza. Kwa hiyo nimependekeza kwamba studio mpya ijengwe bila mlango. (Kicheko kirefu. Naibu wa pili anajifuta machozi.)

Tatu, aliyeongoza. Huyu amepata themanini na nane, akiwa amewaacha wenzake mbali kabisa. Kazi yake ilikuwa kando ya dirisha, nyekundu tupu, ya duara, ndefu kiasi hiki, ina mpira mweusi unaoning'inia ubavuni. Nilisimama mbele yake nikahisi dharura. Mimi nisiyejua sanaa, nilihisi dharura. Mwanafunzi huyo hakuandika jina lake, kwa unyenyekevu bila shaka, na cheti chake ninacho hapa mkononi, namwomba apite mbele. (Hakuna anayepita. Wanafunzi wameshikana mabega kwa kucheka.) Basi atakichukua ofisini.

Sasa nije kwenye upande wenye uchungu. Alama ya kufaulu ni arobaini. Wanafunzi thelathini na tisa hawakuifikia, na barua zao za kusimamishwa masomo ziko mezani kwa Makamu Mkuu, zinasubiri saini yake mara tu nitakapomaliza kusema. Ninawahurumia. Lakini mfumo hauna macho, hauna shemeji, hauna mtoto wa jirani, na ifikapo mwisho wa mpango mkakati wetu, asilimia mia moja na nne ya wanafunzi watakuwa... ndiyo, mama? Naona mama amesimama. Mama, maswali ni baada ya viburudisho.

(Mama mmoja katika safu ya wazazi hakai. Anasema yeye ni mshonaji wa sare, amefunga duka ili aje, na binti yake ndiye aliyepata moja. Anaendelea kwa sauti ya kawaida: "Mheshimiwa, mimi nikiharibu suruali ya mtu, ananiambia imebana wapi. Mwanangu umempa moja. Naomba uniambie amebana wapi.")

Mama yangu, ahsante kwa swali zuri, na kwa kuwa ni zuri nitalijibu kwa ujumla. Kupima ujifunzaji ni mchakato endelevu, shirikishi na mtambuka, ambao autikamu zake... (Mshonaji bado amesimama.) Mama, alama hiyo sikuitoa mimi. Mimi niliisoma. Iliwekwa na walimu wake, kwenye kibandiko, kwa mujibu wa Waraka Namba Saba. Mama Udongo yupo hapa, ni mwandiko wake, na atathibitisha mbele ya ukumbi huu.

(Mama Udongo anasimama taratibu. "Mkurugenzi, zile ni namba za kazi. Ulisema tuweke alama, tukaweka alama, ili kazi zisichanganyike. Maksi tulikuwa tunazisubiri kwako.")

Nimesikia.

Naomba maji. (Anapewa maji.) Ukurasa unaofuata wa hotuba yangu umeandikwa hapa, "Ngoja makofi yatulie." Naona yameshatulia.

Mama Udongo, nikuulize, na ujibu polepole, maana katibu anaandika. Hizo namba mlizipanga kwa kufuata nini? (Mama Udongo anajibu kwamba walizipanga kwa jinsi wanafunzi walivyoleta kazi: aliyewahi alipata namba moja na kutundika karibu na mlango, na wengine wakafuata wakielekea dirishani.) Yaani aliyefika wa kwanza asubuhi ile, ndiye niliyemfelisha kuliko wote. Na waliokuja mwisho wanakimbia, rangi bado mbichi, ndio niliowapa shahada. Na yule wa themanini na nane? (Sauti kutoka nyuma: "Ni mtungi wa kuzimia moto, mheshimiwa. Hiyo ni namba ya mali ya chuo.") Basi ile dharura niliyoihisi ilikuwa ya kweli. (Anacheka peke yake, kisha anaacha.)

Mama mshonaji bado amesimama. Unasemaje, mama? (Anauliza, kama alama haikuwa alama, yeye mkurugenzi picha yenyewe aliionaje.)

Sikuiona, mama. Nilipita mbele yake, nilikuwa umbali wa mkono, nikasoma kibandiko. Zote sitini nilizipita hivyo. Kama ungeniuliza sasa hivi kuna nini kwenye picha ya mwanao, kama ni mtu au ni mlima, nisingejua. Naona aibu, na naisema kwenye kipaza sauti kwa sababu ujinga wangu nao niliusema kwenye kipaza sauti.

(Binti wa mshonaji yuko nyuma karibu na ukuta. Picha anayo, ameshaitoa studio baada ya kuona matokeo, ameifunga kwa gazeti aende nayo nyumbani. Wenzake wanaipokea, wanaifungua, wanaipitisha mkono kwa mkono juu ya vichwa vya kamati mpaka mbele. Inaegemezwa kwenye meza ya Makamu Mkuu, juu ya barua.)

Subirini. Nipeni muda kidogo, mimi ni mgeni katika kazi hii.

(Anainamisha kichwa mbele ya picha. Muda unapita.)

Ni mwanamke yuko kwenye cherehani. Nilidhani anashona, lakini hashoni, mguu wake haupo kwenye pedeli. Uzi ameushika kwa meno. Anatazama upande, kama amesikia mtu anakuja. Kitambaa ni cheusi, kimejaa mapajani na kushuka mpaka chini, na mkono wake mmoja anakikunja haraka. Anakificha. Mama, huyu ni wewe? (Mshonaji anatikisa kichwa kukubali.) Na hiki cheusi ni joho, la mahafali. Mkono mmoja umeshashonwa, wa pili haupo.

(Mshonaji anasema, si kwa mkurugenzi, anasema amegeukia nyuma: "Mwanangu, kumbe uliliona." Binti anajibu, "Niliona siku nyingi, mama.")

Katibu, usiandike hayo, hayo si yetu.

Mheshimiwa Makamu Mkuu, naomba usizisaini. Zote thelathini na tisa. (Makamu Mkuu anafunika kalamu yake, anaiweka mfukoni.) Ahsante. Walimu watazipima kazi hizi wenyewe kuanzia Jumatatu, kwa wiki tatu au kwa wiki sita, watakavyoona, na mimi nitakuwepo kuwashikia ngazi. Najua hotuba ya uzinduzi lazima imalizike kwa kaulimbiu, na imechapishwa kwenye fulana mlizovaa kamati, kwa hiyo tuitoe tu. MKUWASHA! (Kimya.) Ubora unaopimika! (Kimya.) Sawa, nilitaka kuhakikisha.

Imebaki shukrani. Namshukuru mtaalamu elekezi wa mfumo huu, ambaye ni mimi kwenye barua ya kwanza, na tena ni mimi kwenye barua ya pili niliyojijibu. Naishukuru timu ya programu ya kompyuta, ambayo ni kikokotoo cha katibu wangu, chenye kitufe cha saba kisichobonyezeka. Naishukuru kamati ya vigezo kwa vikao kumi na tisa vya kujadili jina. Walimu walingoja mfumo uwape maksi, mfumo ukangoja walimu, na katikati hapakuwa na kitu. Nawashukuru nyote kwa kuja kuzindua mfumo ambao haupo, haujawahi kuwepo, na ambao kama si mama huyu ungewafukuza watoto wenu leo kabla ya chakula cha mchana.

Namshukuru binti. Nawe mama, ahsante kwa kufunga duka. Siwezi kukuahidi mwanao atapata ngapi, mwaka huu nimeahidi vya kutosha. Lakini ule mkono wa pili, naomba ukaushone.