Mhesabu Seli za Tezi Iliyovimba

Jumatatu, 4 Machi

Profesa ametutangazia leo asubuhi. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi, na wa Bi Makini vilevile. Nafasi ya kudumu hapa maabara ni moja tu. Atakayehesabu seli vizuri zaidi wiki hii ndiye atakayebaki. Bi Makini akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekwisha kupewa. Miaka tisa tumekaa meza moja, hadubini kwa hadubini, na sijawahi kumwona akipiga chafya kazini.

Kazi yenyewe naieleza hapa, ili siku nikiwa mtu mkubwa watu wajue nilikotoka. Chini ya ubongo inaning'inia tezi ya pituitari. Kwa binadamu ni kama harage, kwa panya ni kama punje ya mchele. Seli zake huzaliwa na kufa polepole sana, na homoni ndizo zinazoamua. Panya akipewa homoni ya estrojeni, seli zinazohusika na maziwa huongezeka, tezi ikavimba. Akiachishwa, zile za ziada hufa, tezi ikarudi ukubwa wake wa kawaida. Sisi tunaletewa vipande vyembamba vya tezi vilivyobandikwa kwenye vioo, yaani slaidi, vyenye namba tu. Hatuambiwi panya yupi alipewa homoni na yupi hakupewa. Eti tusije tukaona tunachotaka kukiona.

Slaidi ishirini. Katika kila moja tafuta seli zinazogawanyika. Unaweza kupita seli elfu usipate hata moja. Ni sawa na kutafuta anayecheka kwenye foleni ya hospitali.

Nimemaliza moja. Nimepata seli kumi na mbili, na shingo imekufa ganzi. Bi Makini amemaliza tatu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeupata ufunguo! Slaidi namba moja hadi kumi zimeandikwa kwa wino wa bluu. Kumi na moja hadi ishirini, wino mweusi. Mwenye macho haambiwi tazama. Bluu ndio waliopewa homoni. Najuaje? Mtu hachukui kalamu nzuri kuandikia panya ambaye hakumpa kitu.

Sasa kuhesabu kwa nini? Homoni huongeza seli, basi za bluu nimezipa mia tatu na kitu, mia nne na kitu. Nyeusi nimezipa thelathini, thelathini na mbili. Ile kumi na mbili ya jana nimeifuta, ilikuwa inaharibu mpangilio. Nikazitawanya namba kidogo ili zionekane zimetolewa jasho. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemaliza.

Bi Makini alikuwa bado yuko kwenye ya tano. Akaniambia kwamba kama macho yamechoka, tunaweza kubadilishana slaidi mbili tatu tukaguane. Nikamshukuru. Kikulacho ki nguoni mwako. Alasiri yote nimekaa nimeinamia hadubini iliyozimwa taa.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa nyumbani, na kosa si langu.

Mama mkwe yuko kwetu tangu mke wangu ajifungue, miezi mitano sasa. Leo akawa analalamika kwamba binti yake amechoka, mtoto ananyonya kama mashine. Nikaona ni nafasi ya kumwonyesha kwamba hakumwoza binti yake kwa mjinga. Nikamweleza kwa heshima zote kuwa mama anayenyonyesha, tezi yake ya pituitari huwa imekua.

“Mama, usiwe na wasiwasi,” nikamwambia. “Binti yako amevimba kichwa tu.”

Akaweka kikombe chini. Akauliza nani amevimba kichwa, huyu aliyelelewa akimkunjia goti kila mkubwa? Nikasema hapana mama, kichwani, kwa ndani, wala si kosa lake. Hata wewe mama ulivimba, tena mara sita, kwa kila mtoto uliyemzaa. Hapo akasimama. Nikaona nimalizie na habari njema: mtoto akiachishwa ziwa, zile za ziada zitakufa zote.

Katika maneno yote amechukua moja, zitakufa. Amemwambia jirani kwamba namwombea binti yake kifo. Mke wangu anacheka chumbani na mto ameubana mdomoni. Nilitegemea msaada kutoka kwake. Mama mkwe amekalia begi lake sebuleni, na simu iko sikioni.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amekuja. Ni kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa kuchomelea mageti, mikono yake haiingii kwenye kikombe. Akakaa, akaniambia nijieleze. Nikachukua karatasi, nikamchorea ubongo, na tezi inavyoning'inia chini yake. Nikamwonyesha homoni zinavyofika na damu, nyingine zikiziambia seli zizaane, nyingine zikizizuia, na zinazobaki bila kazi zikijimaliza zenyewe kimya kimya.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaigeuza karatasi juu chini, akaiangalia tena.

“Kwa hiyo wewe kila siku unakwenda kazini kuhesabu wanaozaliwa na wanaokufa ndani ya harage?”

Nikasema ndiyo. Akamgeukia mama yake, akamwambia kwa sauti ya upole kwamba shemeji si mbaya, ni mgonjwa tu, avumiliwe. Mama mkwe akafungua begi. Kuanzia sasa ananisemesha polepole, neno moja moja, na ananikatia nyama yangu vipande vidogo.

Sijali. Juma lijalo nitakuwa mwajiriwa wa kudumu.

Jumatatu, 11 Machi

Nimewasilisha. Profesa alisoma karatasi yangu kwa muda mrefu kuliko ya Bi Makini. Dalili njema. Nimekwisha kuchagua meza ya karibu na dirisha.

Jumanne, 12 Machi

Tumeitwa ofisini kwa Profesa, mimi na Bi Makini. Nilivaa tai.

Profesa akaeleza kwamba slaidi zote ishirini zilitoka kwenye tezi moja. Panya mmoja! Tena hakupewa homoni yoyote. Ulikuwa mtihani, alitaka kujua kama tukihesabu kitu kilekile mara nyingi tutapata jibu lilelile. Bi Makini alipata kumi na moja, kumi na tatu, kumi na mbili, hivyo hivyo hadi mwisho.

“Kwa hesabu zako,” akaniambia, “tezi ya panya huyu huvimba na kusinyaa kila ukibadilisha kioo.”

Nikauliza habari ya wino. Kalamu ya bluu ilimwishia kwenye namba kumi, akachukua nyingine. Basi. Hiyo ndiyo siri yote.

Alikuwa hajakasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema kuna wanawake ambao tezi hiyo huota uvimbe ukawabana mishipa ya macho, na siku moja daktari ataamua dawa yao kwa kutegemea namba kama hizi. “Kitu kimoja kinatakiwa kitoe namba moja,” akasema. Nikatazama viatu vyangu. Kweli niliona haya, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua barua, nadhani ya kuniaga. Bi Makini akamkatiza, kitu ambacho hajawahi kufanya. Akamwambia kwamba nina mtoto mchanga, na kwamba chumba cha panya hakina mpimaji tangu mzee wa kule astaafu. Profesa akafikiri. Akanipa miezi mitatu ya majaribio.

Mjanja yule mwanamke! Anataka nizikwe kwenye harufu ya panya, nisimkaribie tena.

Nyumbani nimesema nimehamishiwa kitengo cha wanyama hai. Mama mkwe akasema afadhali, panya hawataelewa ninachowaambia. Mke wangu hakucheka safari hii. Alinishika mkono, akaniomba, tafadhali baba mtoto, kazi hii uifanye kama unavyoambiwa. Nimeahidi.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya kwanza. Panya ishirini na wanne, kila mmoja apimwe uzito kila asubuhi, kwa sababu homoni hubadilisha hata mwili. Wa kwanza nimempima kwa uangalifu mkubwa: gramu 212. Ameniuma kidole gumba.

Nimefunga kidole, nikakaa, nikatafakari maneno ya Profesa. Mimi si mtu wa kuonywa mara mbili. Kosa langu lilikuwa kutoa namba zisizofanana. Basi nimeandika 212 kwa wote ishirini na wanne, safu imenyooka, inapendeza hata kuitazama.

Jioni jike wa kizimba cha sita akazaa watoto wanane, wekundu, hawajaota hata nywele. Hao nao ni panya. Nimewaandika, 212 kila mmoja.