Tano Kila Mahali

Jumatatu, 3 Machi

Chuo kinapima ustawi kazini! Wahadhiri walishapimwa, wote wamekutwa hoi. Sasa zamu yetu: makarani, makatibu, mafundi. Mkurugenzi wa Utawala katamka wazi kwamba mwenye watu wenye furaha zaidi ndiye atakuwa Mkuu wa Huduma. Mimi ni Kaimu Mkuu. Kaimu! Na ukweni nilishasema zamani kuwa mimi ni mkuu kamili. Nikikosa hapa, nimeumbuka.

Mshindani wangu ni Mabega, msimamizi wa maabara, anayetembea kama aliyebeba jengo zima. Watu wake hucheka kazini. Nawasikia kupitia ukutani. Ningekuwa mimi ningeshawaandikia onyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemvizia mtafiti kwenye ngazi. Binti mpole, begi limejaa vishikwambi. Kasema kutakuwa na sentensi, na kila mtu atajibu kwa namba. Moja ni sikubali kabisa, tano ni nakubali kabisa. Akataka kuongeza jambo. Nikamwambia imetosha, mimi ni mtu wa utawala, naelewa upesi.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi, saa ya chakula. Nimewafungia wote ukumbini. Agizo ni moja: tano kila mahali! Fundi umeme akauliza itakuwaje kama sentensi si ya kweli. Nikamkumbusha kuwa ombi lake la likizo lipo mezani kwangu, bado sijalisaini. Akanywea. Katibu muhtasi anakohoa tangu wiki iliyopita. Kaomba ruhusa ya kwenda hospitali, nimemkatalia hadi upimaji uishe. Tutapimaje furaha ya mtu ambaye hayupo?

Nyumbani mama watoto kaniuliza kwa nini nisiwaulize tu wanasumbuliwa na nini. Ana moyo mzuri, ila uongozi haujui.

Alhamisi, 6 Machi

Siku yenyewe! Nilisimama mlangoni kuwatia moyo. Mtafiti akaniomba niondoke. Nikahamia dirishani. Akashusha pazia.

Walipotoka nikamdaka fundi bomba, nikamwuliza sentensi zilikuwaje. Akasema hazikuwa na shida, bosi. "Napenda kazi yangu," tano. "Asubuhi natamani niugue ili nisije kazini," tano. "Mkuu wangu hunitisha," tano.

Nilimwuliza akili yake aliiacha wapi. Akajibu, kwa adabu zote, kwamba niliagiza kila mahali.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala. Asubuhi nikamwendea mtafiti, nikamwaga yote. Hakushangaa. Eti sentensi nyingine hugeuzwa makusudi ili kuwanasa wanaojibu kwa kuagizwa, na hilo ndilo alitaka kunieleza pale kwenye ngazi. Anafuta majibu yote, anapima upya Jumatatu. Bila mimi. Hata jengoni nisionekane, na maombi ya likizo nimkabidhi mtu mwingine.

Nilimshukuru hadi akaona haya. Nimeokoka! Wakiachwa huru watasema ukweli, na ukweli ni kwamba mimi ni mtu mwema.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda maktaba tangu asubuhi, nashika vitabu bila kusoma. Jioni nikaitwa kwa Mkurugenzi. Mabega na mtafiti walikuwa wameshakaa.

Watu wangu wamejibu wenyewe, peke yao, bila majina. "Napenda kazi yangu," tano. "Natamani niugue," tano. "Mkuu wangu hunitisha," tano. Wote! Nikaruka, nikasema ni lile agizo langu, sentensi zinapingana. Mtafiti akasema kwa upole kwamba hazipingani hata kidogo. Watu hawa wanaipenda kazi yao. Tatizo ni mimi.

Mabega ndiye Mkuu wa Huduma, kuanzia kesho. Mimi nimerudishwa stoo ya vifaa, nisimamie watu wawili. Nimelia chooni, nimefungua bomba nisisikike.

Lakini sasa nimetulia, na nimeona kitu ambacho wasomi wote wale hawakukiona. Niliondolewa jengoni, likizo ziko kwa mtu mwingine, hakuna aliyewasimamia. Bado walijibu tano kila mahali, kama nilivyoagiza! Utiifu wa namna hiyo huupati kwa watu wasio na furaha. Kesho saa mbili kamili nawaanzishia mazoezi wale wawili wa stoo.