Ukipanda Wewe, Tunashuka Sisi

Kwa niaba ya Kamati Maalum ya Kuinua Wastani wa Hisabati, nina heshima kubwa kuutangazia umma, kuanzia Ruiru hadi Thika, kwamba tatizo la Hisabati limekwisha. Limekwisha bila mtoto yeyote kusumbuliwa na hesabu. Wanaotaka kujua tulifanyaje wakae vizuri. Wanaotaka kulia wangoje nimalize.

Mimi ni Calvince, katibu wa kamati. Nilimaliza kidato cha nne juzi juzi tu, na kwenye Hisabati nilipata D ambayo mwalimu wangu aliiita ya huruma. Kazi niliipata kihalali. Kwenye usaili, Mkurugenzi wetu, Bwana Githinji, aliniuliza asilimia ni nini. Nikamjibu, "Ni kitu cha kupanda." Akanipa mkono hapo hapo.

Shule yetu ilijengwa na wazazi wenyewe, nayo ina matawi mawili. Gredi ya Nane ya Ruiru ndiyo Daraja la Juu, na ile ya Thika ndiyo Daraja la Chini. Ruiru walikuwa wanafunzi thelathini, wastani wao wa Hisabati alama sitini. Thika nao thelathini, wastani arobaini. Mwalimu wa Hisabati ni mmoja, Madam Wayua, na yuko Ruiru. Lakini msidhani Thika wamesahaulika. Kila Alhamisi hupelekewa fotokopi ya daftari la Madam Wayua. Fotokopi haichelewi kazini, haiombi ruhusa ya kwenda mazishi, na hata siku moja haijadai chai.

Muhula wa pili wazazi waliandika barua. Mkurugenzi akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Kijana, wanataka wastani upande."

"Tuajiri mwalimu wa Thika, mkubwa?"

"Soma barua tena. Wamesema mtoto apande, ama wamesema wastani upande?"

Nikasoma tena. Kweli, walikuwa wameandika wastani. Mzazi akikosea kuandika, serikali ifanye nini?

Nilikaa na majina siku mbili. Siku ya tatu nikawatoa wale kumi wa mkia kule Ruiru, ambao wastani wao ulikuwa arobaini na nane, nikawaandikia uhamisho wa Thika. Nikapiga hesabu kwa simu, nikarudia kwa simu ya mlinzi nisije nikawa nimedanganywa na betri. Ruiru, baada ya kutua mzigo, ilipanda kutoka sitini hadi sitini na sita. Thika, baada ya kupokea watu wenye alama nyingi kuliko zao, ilipanda kutoka arobaini hadi arobaini na mbili.

Mkurugenzi aliitazama ile karatasi hadi miwani ikateremka puani.

"Atiriri, Calvince. Wote wamepanda?"

"Wote, mkubwa."

"Na nani amesoma?"

"Hakuna."

"Ngai! Haya sasa ndiyo tunaita mageuzi."

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningekuwa nimepandishwa cheo, kama si msichana mmoja anayeitwa Nekoye.

Nekoye alikuwa mmoja wa wale kumi. Alipata hamsini na mbili. Anaishi na mamake, Nakhumicha, fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo, kwenye ploti inayopakana na tawi letu la Ruiru. Dirishani kwao unamsikia Madam Wayua akifundisha. Sasa mtoto alikuwa anatoka nyumbani kabla ya jogoo, anakwenda Thika kukaa na wenzake thelathini na tisa mbele ya fotokopi, huku mwalimu akibaki nyuma ya ukuta wa choo cha ploti yao.

Alikuja ofisini Ijumaa moja.

"Niaje, katibu."

"Hapa ni ofisini. Sema habari."

"Habari ya ofisi. Nataka kurudi darasani kwangu."

Nikamweleza utaratibu kwa upole. Anayetaka kupanda daraja hufanya mtihani wa rufaa, na alama za rufaa haziingizwi kwenye wastani mpaka kamati iridhike. Alama ya kupandia ni hamsini na tano. Akafanya. Akapata hamsini na nane.

"Hongera," nikamwambia. "Haiwezekani."

"Haiwezekani aje? Si nimepita?"

"Umepita vizuri sana. Lakini uko chini ya sitini na sita, kwa hivyo ukiingia Ruiru, Ruiru inashuka. Na uko juu ya arobaini na mbili, kwa hivyo ukitoka Thika, Thika inashuka."

Akanitazama. "Kwa hivyo mimi nikifaulu, matawi mawili yanafeli?"

"Umeshika haraka! Kweli una kichwa. Haya, rudi Thika."

Mwezi uliofuata akarudi na sitini na nne. Nikampa jibu lile lile, ila safari hii kwa muhuri. Mara ya tatu akaleta sabini na moja, na hapo hata mimi nilishtuka. Nikakimbia kwa Mkurugenzi.

"Mkubwa, huyu akiingia, Ruiru inapanda!"

"Na Thika?"

"Thika inashuka kidogo."

"Utawaambia nini watu wa Thika? Kwamba tumewang'olea nguzo? Hapana. Andika barua ya pongezi."

Nikaandika. Ilisema: *Kamati inakupongeza kwa kufaulu kiasi cha kutoweza kuhamishwa.* Naikubali mpaka leo, ni barua safi.

Nekoye aliisoma amesimama. Nilitegemea anichambe, maana ana mdomo yule. Hakunichamba.

"Katibu," akasema polepole, "mwaka ujao tuna mtihani wa taifa. Ile fotokopi haijibu maswali. Nimeiuliza."

Nilitaka kucheka. Mwenzangu hakuwa anacheka. Nikapanga panga kalamu mezani hadi akaondoka.

Basi ikafika siku ya mkutano mkuu wa wazazi, Jumamosi, hapo Ruiru. Mkurugenzi alikuwa amemwalika mkaguzi wa elimu, Madam Gathoni, mama mpole mwenye kofia ya sufu, aje aone mageuzi. Nilikuwa nimechora mishale miwili mikubwa ya kijani ubaoni, yote inaelekea juu. Wazazi walipiga makofi kabla hata hawajaambiwa ni mishale ya nini.

"Mabibi na mabwana," Mkurugenzi akanguruma, "Ruiru, sitini na sita! Thika, arobaini na mbili! Zamani shule nzima ilikuwa na wastani wa hamsini. Leo jumlisheni, mgawanye kwa mbili. Hamsini na nne!"

Makofi. Mzee mmoja akapiga mluzi.

Nekoye akainua mkono. Alikuwa ameketi kando ya mamake.

"Wanafunzi watasema mwisho," nikatangaza.

"Mwache aseme," Madam Gathoni akasema.

Akaenda ubaoni. Hakufuta mishale yangu, aliandika katikati yake. "Ruiru sasa ni watu ishirini. Mara sitini na sita, alama elfu moja mia tatu na ishirini. Thika ni watu arobaini. Mara arobaini na mbili, elfu moja mia sita na themanini. Jumla elfu tatu. Gawanya kwa watoto sitini." Akapiga mstari. "Hamsini. Ile ile. Hakuna mtu amepanda. Mmetubebesha viti tu."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza.

"Hizo ni hesabu za kitoto," Mkurugenzi akasema. "Kitaalamu unagawanya kwa mbili, kwa sababu matawi ni mawili."

Madam Gathoni akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Bwana Githinji, unasema hivyo mbele ya mkaguzi?"

Hapo Nakhumicha akasimama. Mama huyo huongea taratibu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Khane, kumbe ni hivyo? Mimi sina maneno mengi, dairekta. Mtoto wangu amefanya rufaa tatu. Nyinyi wa ofisi mmefanya ngapi?"

"Mama Nekoye, kamati haifanyi mtihani. Kamati inasimamia."

"Sisi ndio tulijenga hii shule. Mimi nilibeba mchanga wa huo ukuta wewe umeegemea. Fanyeni."

"Wafanye!" ukumbi ukapasuka. "Wafanye kwanza!"

Mkurugenzi akamgeukia mkaguzi kwa macho ya mtu anayezama. Mkaguzi akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili za Gredi ya Nane. "Saa moja inatosha," akasema. "Wazazi, si mnywe chai?"

Tukaketi mimi na mkubwa kwenye madawati ya mbele, magoti yakigusa kidevu, wazazi wakitafuna mandazi nyuma yetu. Swali la sita lilihusu wastani. Mkurugenzi akaninong'oneza, "Calvince, unagawanya kwa ngapi?" Nikamwambia kwa mbili. Nilikuwa nafuata mwongozo wake.

Madam Wayua ndiye aliyesahihisha, mbele ya watu wote. Mimi nilipata arobaini na mbili. Mkurugenzi, ishirini na nane.

Mzee wa mluzi akapendekeza mkubwa ahamishwe kwa kanuni zake mwenyewe: yuko chini ya wastani wa Ruiru, basi aende Thika. Mikono yote ya Ruiru ikapanda. Lakini mama mmoja wa Thika, Ciku, muuza nanasi, akaruka juu.

"Wee! Sisi tunakataa! Sisi ni arobaini na mbili, yeye ni ishirini na nane. Akija kwetu si atatushusha?"

"Mama, mimi ni mkurugenzi!" Bwana Githinji akalia.

"Hongera," Ciku akasema. "Haiwezekani."

Mkutano ulipitisha mengine upesi. Kila mtoto asome tawi lililo karibu na kwao, na Madam Wayua agawe wiki yake, siku tatu Ruiru, siku mbili Thika, mpaka Thika ipate mwalimu wake. Jumatatu Nekoye aliingia darasani dakika moja kabla ya kengele, amekunywa chai yake yote. Mimi nilipelekwa Thika bila kupigiwa kura, kwa kuwa nilikuwa sawasawa na wastani wao na singemdhuru mtu. Huku natoa fotokopi, na jioni nasoma zile zinazobaki.

Mkurugenzi ndiye aliyesumbua, kwa sababu hakuna darasa lililomtaka. Mwishowe akatafutiwa mahali katikati ya njia, Juja, kwenye chumba tunachowekea viti vibovu. Kwa hivyo kamati ina furaha kutangaza kufunguliwa kwa tawi letu la tatu. Lina mtu mmoja na wastani wa ishirini na nane, na tangu afike haujashuka hata kidogo.