Sahani za Mama na Shahidi Wangu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimechoka. Nimegonga soli kumi na moja leo, zote za watu wasioosha miguu. Ila kilichonimaliza si viatu, ni Muuza Miwani. Jana kanisani kaonyesha tena kovu la goti. Akiwa na miaka minane aliiba baiskeli ya baba yake, akaanguka, akajifunza utii. Kina mama wakafuta machozi. Goti! Madhabahuni! Kila Jumapili mmoja wetu hupewa dakika kumi kusimulia kosa lake la utotoni na alichofundishwa na Mungu. Jumapili hii ni zamu yangu, kisha mchungaji anachagua kati yetu wawili nani awe mwalimu wa watoto. Mwenzangu ana makovu saba. Mimi nililelewa kama yai. Miaka kumi naitaka kazi hiyo. Itabidi nitoe hadithi ya kabati.

Jumatano, 6 Agosti
Hadithi ni hivi. Nina miaka saba. Napanda kabati la vyombo kutafuta asali. Linaanguka. Sahani za mama za harusi, zote kwisha! Mama anaingia. Naungama huku nalia. Mama ananikumbatia na kunikabidhi ufunguo wa jikoni. Fundisho: anayeungama huaminiwa. Nimefanya mazoezi mbele ya viatu vya wateja. Nimelia kweli.

Ukweli wenyewe una tofauti ndogo. Nilisema ni dada. Dada alichapwa.

Jioni mchungaji kaja kuchukua viatu vyake. Kasema safari hii msimulizi aje na mtu aliyekuwepo, maana Maandiko yanataka mashahidi. Najua nani kamtia maneno hayo! Muuza Miwani ana mama mzima na ndugu watano. Mimi wazazi wote wametangulia. Aliyebaki ni dada.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemwomba kinyozi wa jirani ajifanye binamu yangu. Kaniuliza kama nimesahau kwamba yeye ndiye anayewanyoa wazee wote wa kanisa. Nilikuwa nimesahau. Basi nikaamua kutangaza kwamba dada anaumwa. Nafika nyumbani, mke wangu kachangamka: kashampigia wifi yake simu, anakuja kesho na basi la mchana. Nikauliza nani kamtuma. Kasema alitaka kunifurahisha. Kisha kauliza mbona nimekaa chini ghafla.

Jumamosi, 9 Agosti
Dada kafika. Kazeeka, miguu imevimba kwa safari. Nikamwambia hadithi nimeipunguza kidogo kwa sababu ya muda. Kasema sawa, mdogo wangu. Nikamwambia hana haja ya kuongea, atikise kichwa tu. Kasema sawa. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Jumapili, 10 Agosti
Nimesimulia mpaka kwenye ufunguo. Mchungaji akamwita dada. Akasimama, akanitazama weee. Muuza Miwani akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Dada akasema: "Ndivyo ilivyokuwa. Aliungama mwenyewe." Kanisa likalipuka kwa haleluya. Nimepewa darasa!

Nikamsindikiza kituoni. Nikamshukuru. Kasema hakunifanyia mimi, alimwonea huruma mke wangu aliyekaa mbele akitabasamu. Halafu akaniambia jambo. Mama alijua. Alijua jioni ileile aliponiogesha, asali ilikuwa mpaka nyuma ya masikio. Akaenda kumwomba dada msamaha. Ufunguo alinipa makusudi, uniwashe mfukoni mpaka niseme. Mimi nikautembeza mtaa mzima kwa maringo.

Kasema mama alingoja mpaka hospitalini. Kila nikiingia wodini alikuwa akimkonyeza dada, kwamba leo mtoto atasema. Mimi nikawa namwuliza kama amekula.

Basi likaja. Dada akapanda bila kuniaga. Nimelia kwenye benchi la kituo, mbele za watu, na safari hii sikuwa nafanya mazoezi.

Jumatatu, 11 Agosti
Macho yamevimba. Sijagonga hata soli moja. Nimeapa kumwandikia dada barua ya kuomba msamaha, leo hii, bila kupunguza neno. Nimenunua karatasi nzuri. Nikaandika: Dada yangu mpendwa. Nikakwama.

Mchungaji kapita. Kasema fundisho la kwanza la darasa langu ni msamaha. Nikawaza, hii hadithi ya mama ni nzito mno kuachwa hivihivi. Nimeiweka sawa kidogo tu. Dada anavunja sahani. Anasema ni mimi. Nachapwa. Namsamehe kimyakimya, namfichia siri miaka arobaini, mpaka siku namsitiri mbele ya kanisa zima. Mama anafariki akijivunia mimi. Watoto watalia! Muuza Miwani atalia!

Imetoka ndefu. Imejaza karatasi ya dada pande zote mbili.