Malalamiko ya Shahidi wa Tatu Dhidi ya Watu wa Guta

Guta, Bunda
Ijumaa, 9 Agosti 1996

Ndugu Mwendesha Mashitaka,

YAH: KUCHEKWA, KUHESHIMIWA NA KULISHWA VIZURI KUPITA KIASI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mafaili yako yote yako mahali pake. Mimi ni Burito Enoka, karani wa zamani wa ghala la pamba la ushirika, sasa tarishi wa ofisi ya kata, na shahidi wako wa tatu katika kesi ya Jumuiya ya Haki Guta. Kwa kuwa shahidi wa kwanza aliugua, na wa pili alihamia Sengerema bila kuaga, mimi ndiye mashahidi wako wote.

Kesi unaijua kuliko mimi, ila naieleza kwa faida ya watakaopata nakala. Jumuiya ilipata muhtasari wa mkutano wa kijiji uliompa mwekezaji wa minofu ya samaki mwalo wetu tunakoegesha mitumbwi. Wanakijiji thelathini na saba walikuwa wameridhia kwa sahihi. Watano kati yao ni marehemu. Mmoja, mzee Wankyo, tulimzika mwaka 1989, na jeneza nililibeba mimi upande wa miguu. Jumuiya ikaita watu kwenye ghala la ushirika, ambalo tangu wanunuzi binafsi waje halina pamba wala panya, na majina yakasomwa kwa sauti. Wiki iliyofuata mwenyekiti wa Jumuiya, Mwalimu Hyasinta, mama wa miaka sitini na mmoja, akakamatwa pamoja na katibu wake Alfonce, mvuvi. Hawakushitakiwa kwa kusema uongo. Walishitakiwa kwa kuongoza mkutano bila kibali. Mimi niliitwa nikaambiwa nichague kuwa shahidi au kuacha kuwa tarishi, na nilichagua upesi mpaka aliyeniuliza akaona haya.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. KICHEKO. Tarehe 31 Julai uliniuliza mbele ya hakimu ni nani aliyekalia kiti siku ile ghalani. Tulikuwa tumekubaliana niseme Mwalimu Hyasinta. Nilifungua mdomo vizuri kabisa, nikasikia unasema: mtu mmoja mrefu, mwenye kofia ya pama. Hakimu akauliza mrefu kiasi gani, nikamjibu kama mimi hivi. Pama nilikuwa nayo mkononi. Mahakama nzima ilicheka, pamoja na askari wa mlangoni ambaye anakula mshahara wa serikali. Tangu hapo wanawake wanaotoka ziwani wanatua ndoo zao na kunisalimia, "Shikamoo, mtu mmoja mrefu," nami kwa mazoea naitikia marahaba. Ieleweke kwamba kuwa mtu huyo ni mimi hakujathibitishwa na mahakama yoyote.

2. CHAKULA. Mke wangu Jeska hajanigombeza hata neno moja. Amenigeuza mgeni. Ananiletea maji ya kunawa kwa mikono miwili, ananipa sato mzima, yeye anakula visamaki vya furu jikoni, halafu ananiuliza kwetu ni wapi na nitaondoka lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Leo ni siku ya tisa na jembe sijapewa. Juzi nililichukua mwenyewe, akaninyang'anya kwa adabu, akasema wageni hawalimagi. Ndugu, nimeoa miaka ishirini na miwili na sijawahi kutamani kutukanwa kiasi hiki.

3. MILANGO. Hili nadhani uliliona kwa macho yako. Hakimu alikubali dhamana, akataka mwenye mali isiyohamishika. Watu wa Guta wakaja kwanza na ng'ombe. Karani wa mahakama akawaambia ng'ombe anahama. Wakabishana naye asubuhi nzima kwamba akifungwa kamba hahami, karani akashinda kwa sababu fahali mmoja alikata kamba wakati huohuo akala maua ya hakimu. Karani akasema inatakiwa nyumba. Ijumaa iliyopita wakarudi wamebeba milango kumi na tisa kichwani kutoka Guta mpaka mjini, wakaisimamisha kwenye ukuta wa mahakama. Mama Nyamburi akamweleza karani, "Nyumba hatuwezagi kuibeba, baba, tumeleta mlango. Mtu aliyeacha nyumba wazi atakimbilia wapi?" Hakimu alitoka akaikagua mmoja mmoja, nikadhani atakubali. Alisema anataka nyumba yenye hati.

Malalamiko yangu hapa ni mawili. Kwanza, mbuzi sasa wanaingia nyumba yoyote wanayoitaka. Pili, kati ya milango yote ile wangu haukuwemo. Hakuna aliyekuja kuuomba. Siku ya kuing'oa nilikaa ndani kutwa nimeuegemea, nikisubiri kuukatalia watu, na wote walipita.

4. HATI. Guta nyumba yenye hati ni moja tu, nayo ni yangu. Mwaka 1988 mpima ardhi alilala kwangu wiki mbili na kula kuku wetu wote, akaona aibu kuondoka bila kuacha kitu. Basi Jumatatu hii hati hiyo ilitoka sandukuni mwangu, ikafika mahakamani, na washitakiwa ninaowashuhudia wakatoka nje kwa dhamana ya nyumba ninamolala. Kijiji kizima kinasema ni kazi ya Jeska. Wamemletea dagaa, wamemwimbia kanisani. Akikana wanasema ni unyenyekevu. Naomba dhamana hiyo ifutwe mara moja, kwani shahidi hawezi kulala usingizi ndani ya nyumba inayomtetea adui yake.

5. OMBI. Kwa kuwa wote waliokuwepo ghalani wananicheka, naomba wote washitakiwe. Nilipowahesabu siku ile walikuwa mia nne na kumi na wawili. Chumba cha mahakama hakitawatosha, kwa hiyo napendekeza kesi isikilizwe palepale ghalani, funguo ninazo. Lakini watu wengi hivyo kukusanyika ghalani ni mkutano, na mkutano unataka kibali. Barua za kibali zinapelekwa na tarishi wa kata, na tarishi ni shahidi, haruhusiwi kuzigusa. Hivyo hakimu atakuwa amekalia kiti kwenye mkutano usio na kibali, nawe itakubidi umshitaki naye. Usiwe na wasiwasi, shahidi yupo.

Najua Jumanne tarehe 13 unanihitaji tena kizimbani nikumbuke vizuri zaidi. Najua pia kwamba nikimtaja Mwalimu atafungwa, na kwamba kwa umri wake na kifua chake gereza si mahali pa kukohoa. Hayo si malalamiko, nimeyaandika tu.

Msalimie hakimu, karani, na yule askari aliyecheka. Msalimie fahali kama bado anashikiliwa.

Nabaki mtiifu wako, angalau hadi Jumanne,

Burito Enoka
Shahidi

Nakala: Ndugu Mhariri wa gazeti letu la mkoa, Padre, mke wangu Jeska (bila nyongeza).

NYONGEZA: Kuhusu namba nne, Jeska anasema kweli. Hati niliipeleka mimi kwa baiskeli kabla mahakama haijafunguliwa, nikambembeleza karani asinitaje. Sahihi iliyo kwenye fomu ya dhamana ni yangu, ilinganishe na hii ya hapo juu. Kuandika nilifundishwa na Mwalimu Hyasinta, darasa la kwanza. Walimu wengine waliuchapa mkono wangu wa kushoto, yeye aliushika akauongoza. Nilipomwona mahabusu amevaa kandambili za kuazima, akaniuliza kama nimeshakula, nililia barabara nzima mpaka nyumbani na sioni tena sababu ya kuficha. Jumanne nitakuja. Utaniuliza nani aliongoza mkutano, nami nitakutajia jina langu lote, na la baba yangu ukilitaka. Najua jioni hiyohiyo utanihamishia upande wa washitakiwa, nami sina ugomvi na hilo. Shida ni moja tu: hakimu atataka nyumba yenye hati, na ile moja tuliyokuwa nayo Guta imeshatumika.