Kuhusu Mama Mkwe Wangu Kuhitimu Mafunzo Yangu

Kwa Ndugu Meneja Utumishi,
Makao Makuu.

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA MAMA MKWE WANGU, KWA HESHIMA ZAKE ZOTE

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ingawa roho yangu haijatulia tangu juzi Alhamisi. Natumaini nawe hujambo, na nyumbani kwako hawajambo, na rangi ya kile chumba cha mafunzo imeshakauka.

Mimi ni msaidizi wa ghala, tawi la pili, huu ukiwa mwaka wa kumi na moja. Kazi yangu ni kupokea rangi, saruji na misumari, kuvipanga, na kuvitoa vikihitajika. Sijawahi kuchelewa kazini ila kwa sababu. Msimamizi wetu, mwenye kiti pekee cha kuegemea mgongo pale ghalani, anastaafu mwisho wa mwezi huu, na kila mtu pale tawini, hadi mlinzi, alijua kwamba nafasi ile ni yangu. Mke wangu alishaninunulia shati lenye mifuko miwili kifuani, kwa kuwa msimamizi huwa na kalamu mbili.

Ndipo ofisi yako ikatangaza kwamba anayeitaka nafasi hiyo sharti ahitimu mafunzo ya utunzaji wa ghala, wiki nane, Jumanne na Alhamisi, na kwamba mafunzo yatafanyika kwa mkutano wa video, kila mtu akiwa nyumbani kwake, kwa sababu chumba cha mafunzo kinapakwa rangi. Kinapakwa rangi kwa mwezi wa tatu sasa. Sisi ni kampuni inayouza rangi, kwa hiyo hapo nitanyamaza.

Mafunzo yamekwisha. Cheti kimetoka, na barua ya kuitwa kwenye usaili imetoka. Vyote viwili vina jina la mama mkwe wangu. Kabla hujaniona mimi ni mtu wa lawama, naomba unisikilize hoja kwa hoja.

1. Kuhusu simu. Simu yangu mimi iliingiwa na tone la rangi ya mafuta kwenye kamera, rangi ya kijani, tulipokuwa tunashusha mzigo wenu. Nikiitumia naonekana kama mtu aliyezama bwawani. Nikaazima simu ya mama mkwe, ambayo ni mpya, zawadi ya shemeji yangu. Mama ana roho nzuri, alinipa papo hapo, akasema tu, "Usiibonyeze kwa nguvu, mwanangu." Mimi sikujua kwamba ukiingia mkutanoni kwa simu ya mtu, unaingia na jina lake. Na jina alilojiandikisha mle ni Bibi Nusu. Ni jina la utani. Amepika katika bweni la shule miaka thelathini, na mwanafunzi aliyeomba aongezewe alipata jibu moja tu: "Nusu upawa." Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Sasa najua na simu ni hivyo hivyo.

2. Kuhusu mahali. Kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, mezani pale sebuleni, kona ya dirisha. Nyuma ya meza hiyo pana kochi, na mama hukaa kwenye kochi hilo tangu saa tatu asubuhi na karai lake la maharage ya kuchambua. Ndugu Meneja, wewe ni mtu mzima na bila shaka una wakwe. Mkwe haambiwi sogea. Mkwe haambiwi, "Mama, leo kaa chumbani, nina kikao." Nilimwomba mke wangu amwambie kwa niaba yangu. Akanijibu, "Mama alikuwa hapo kabla ya hayo mafunzo yako. Wewe ndiye mgeni wa hiyo kona." Basi nikaanza masomo mama akiwa begani kwangu, mawe ya maharage yakigonga karai.

3. Kuhusu salamu. Siku ya kwanza mkufunzi, mtu mwenye adabu zake, alimwona mama nyuma yangu akamwamkia, "Shikamoo, mama." Mama akaitika. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tulikuwa watu kumi na tisa kutoka matawi yote, na hakuna aliyetaka ionekane kwamba hakulelewa. Wakamwamkia mmoja mmoja. Wengine vipaza sauti vyao vilikuwa vimezimwa, wakaamkia midomo ikicheza bila sauti, ikabidi waelekezwe pa kubonyeza na waamkie upya. Mama naye si mtu wa kuitika marahaba kavu. Kila mmoja alimuuliza ameamkaje na watoto wanaendeleaje, na asiye na watoto aliulizwa anangoja nini. Dereva wa lori wa tawi la mlimani mtandao wake ulikwama, na shikamoo yake ikatufikia dakika ishirini baadaye, katikati ya somo la kuzima moto. Mama akaitika. Kipindi chote kilipita hivyo. Mimi, ambaye ndiye mwajiriwa, sikuulizwa hata hali.

4. Kuhusu ujuzi. Wiki ya pili mkufunzi aliuliza tufanyeje mzigo mpya ukiingia kabla wa zamani haujaisha. Swali hilo nimelisubiri miaka kumi na moja. Nililijibu kwa dakika sita. Nilitaja saruji, nikataja unyevu, nikaingia mpaka kwenye kisa cha misumari iliyoota kutu, kisa ambacho huwa sikitoi kwa kila mtu. Nikaona watu wananitazama kwa huruma. Mama akainuka taratibu, akainama mbele yangu, akabonyeza mahali. "Hawakusikii, mwanangu," akasema. Pumzi ilikuwa imeniishia. Basi akanimalizia yeye: "Unga wa zamani mbele, unga mpya nyuma. Ukigeuza, unafuga panya."

Mkufunzi aliyaandika maneno hayo kwenye skrini kwa herufi kubwa. Yako hadi leo katika kijitabu cha mafunzo, ukurasa wa nne. Misumari yangu haipo ukurasa wowote.

5. Kuhusu kutambuliwa. Toka siku ile kila swali likiwa gumu, mkufunzi alikuwa anauliza, "Bibi Nusu anasemaje?" Jina ni lake, jibu ni lake, na mimi shingo ilikuwa inaniuma kwa kumgeukia kila mara. Wiki ya nne tukabadilishana: yeye mezani, mimi kochini. Nilidhani ni kwa siku hiyo moja. Nikaachiwa na karai.

Wiki iliyofuata tuligawanywa katika vyumba vidogo vya majadiliano. Havina kuta wala mlango; ni watu wanne wametengwa na wenzao na hawajui nani aanze kusema. Mimi nilianza, kutoka kochini, kwa sauti ya kutosha ili nisirudie kosa la wiki ya pili. Mkufunzi alikuwa anapitapita kwenye vyumba hivyo. Akasema kwa upole mkubwa, "Mama, samahani, tunaomba huyo baba aliye nyuma yako apunguze sauti, tuko darasani."

Baba huyo ni mimi.

6. Kuhusu mahudhurio. Nimepokea barua yako ya onyo kwamba sikuhudhuria hata kipindi kimoja kati ya kumi na sita. Nimehudhuria vyote. Nina ushahidi wa magunia mawili ya maharage safi.

7. Kuhusu mtihani. Hapa niseme kweli tupu, maana mke wangu ameshawaambia majirani. Siku ya mtihani mama aliniachia simu na meza. "Huu ni wako," akasema, "mimi sitaki kukuharibia," akaenda zake jikoni. Nilijibu maswali matatu ya kwanza kwa kujiamini. La nne lilikuwa na mchoro wa rafu. Nilipougusa ukakua. Nilipojaribu kuupunguza nikajikuta kwenye picha za harusi ya shemeji, na kila nikisukuma nje, naingia kwa wapambe. Nikapiga kelele. Mama akaja mbio kuiokoa simu yake, na alipokuwa ameshaingia humo akayamaliza yale kumi na saba yaliyobaki, huku ananieleza moja moja ili nami nipate faida. Matokeo yalikuja jioni ile ile: kumi na saba kati ya ishirini. Hesabu hiyo sitaki kuifafanua.

8. Kuhusu usaili. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Juzi ujumbe uliingia kwenye simu ile: Bibi Nusu anaalikwa kwenye usaili wa video, Jumatatu saa tatu asubuhi, kwa nafasi ya Msimamizi wa Ghala, Tawi la Pili. Akiipata, atakuwa mkubwa wangu wa kazi. Hebu itazame hali yangu, Ndugu Meneja. Nyumbani siwezi kumwambia sogea, na kazini sitaweza kumwambia nimechoka. Nikiumwa, ruhusa nitamwomba yeye, naye atakuwa ameniona asubuhi nikimaliza sahani. Nikimwita bosi, mke wangu atacheka wiki nzima. Nikimwita mama, watacheka wapakiaji. Na mie nitabaki na shati la mifuko miwili na kalamu moja, nikieleza watu kwamba ndivyo lilivyoshonwa.

Kwa hoja hizo, naiomba kampuni ichague mojawapo ya haya:

(a) Cheti kibadilishwe jina, niandikwe mimi. Mkwe ni mzazi, na cha mzazi ni cha mwana.

(b) Hilo likishindikana, mafunzo yarudiwe tangu salamu ya kwanza, na kila mshiriki aletewe pazia.

(c) Ipitishwe kanuni kwamba mama mkwe anayeonekana nyuma ya mtumishi wakati wa kikao ahesabiwe kuwa ni samani. Nimeifikiria kanuni hii siku mbili na siioni kasoro, ila naomba isisomwe mbele yake.

(d) Mkurugenzi mwenyewe amwandikie mama, kwa unyenyekevu, kumwomba ahamie upande wa pili wa sebule. Barua hiyo isinitaje. Ikibidi itoe sababu, iseme ni mambo ya usalama wa majengo.

(e) Yote yakigonga mwamba, basi nafasi ya msimamizi ifutwe kabisa. Tukae bila msimamizi, kama chumba cha mafunzo kinavyokaa bila rangi.

Usinielewe vibaya. Mama huyu nampenda, na sisemi hivyo kwa sababu yuko chumba cha pili. Nilipokwenda kuposa, wajomba walikuwa wananipima kama gunia la viazi. Yeye ndiye aliyewaambia, "Si mjanja sana, lakini kazi haikimbii." Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii, pamoja na kile kipande cha mwanzo. Lakini miaka kumi na moja ni mingi. Nimebeba mifuko ya saruji hadi viatu vyangu vinajulikana hapa mtaani kwa weupe, na mara moja tu katika maisha yangu nilitaka kuitwa Msimamizi.

Nisalimie wote hapo ofisini: mkufunzi wetu, ambaye sina kinyongo naye sana, katibu muhtasi, walinzi wa zamu zote, na fundi rangi, popote alipo. Waambie tawi la pili hawajambo, isipokuwa mmoja.

Ni mimi, mtumishi wako ninayehesabiwa kuwa mtoro,

Msaidizi wa Ghala,
Tawi la Pili.

Tanbihi: Barua hii nimeiandika kwa mkono, na ili ikufikie kabla ya Jumatatu ilibidi ipigwe picha na kutumwa. Simu yenye kamera safi humu ndani unaijua ni ya nani. Nilijaribu kuipiga picha karatasi ikiwa imekunjwa, mama asiione, haikusomeka. Mama akaichukua barua anisaidie, akaivuta karibu na dirisha, akaisoma yote akiwa amesimama. Alinisahihisha kwamba maharage yalikuwa magunia mawili na debe. Kisha akakaa, akasema yeye hataki kazi ya mtu. Jumatatu atawaambia wamchukue mkwe wake. Nikamshukuru sana. Nikamuuliza, kwa kutaka tu kujua, kwa nini basi alihudhuria vipindi vyote kumi na sita bila kukosa hata kimoja. Akasema tangu astaafu, huu mwaka wa saba, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kitu isipokuwa chumvi iko wapi.

Ndugu Meneja, nilitoka nje kidogo. Nimerudi, na naomba barua hii uichane yote, kuanzia juu mpaka kwenye sahihi. Mama atakuwa kwenye usaili. Alikataa, mimi na mke wangu tumembembeleza saa nzima, na mimi ndiye niliyepiga magoti. Tafadhali muulizeni maswali mengi. Muulizeni hata yale ambayo majibu yake mnayo.

Yeye mwenyewe ana swali moja tu, kama ghalani kuna kiti cha kuegemea mgongo. Nimemwambia kipo, kizuri, na sikumwambia ni cha nani.