Filamu Yenu Iishie Pale kwenye Harusi

Ndugu Meneja wa Jumba la Sinema,

Pokea salamu zangu na heshima. Mimi ni yule mama wa kiti cha nyuma karibu na mlango, mwenye mtoto wa miezi saba. Filamu yenu ya binti wa mchungaji na seremala Mwislamu waliopendana wakati wa vita vya zamani nimeiona mara mbili. Mara zote mtoto alishtushwa na ngoma za harusi yao, akalia, nikatoka naye nikijua mambo yameisha vizuri. Nani angefikiri watu wanaendelea kuteseka baada ya harusi?

Sasa, baba yangu ni mzee wa kanisa, na mimi nimeolewa na Mwislamu. Tangu siku ya ndoa yetu baba hajakanyaga kwangu, na mjukuu hajambeba. Nikamsihi akaione filamu, nikamtuma mume wangu aketi pembeni yake. Mimi nikabaki nyumbani napiga pasi kitambaa cha meza, cha kumkaribishia.

Kwa jinsi mume wangu alivyorudi akanisimulia, malalamiko yangu ni haya:

1. Seremala amepigwa risasi darajani. Baba akamgeukia mume wangu: "Unaona?" Aone nini? Mume wangu ni fundi wa redio, hata panya humfukuza kwa maneno.

2. Vita vingeweza kuisha mapema. Muda wa kuvimaliza mnao. Pale mwanzoni farasi wanakunywa maji mpaka mtazamaji anashikwa na kiu.

3. Binti anamzika mumewe, na baba yake haendi mazikoni. Jamani, si ndiyo kumfundisha baba yangu kususa!

Kwa hiyo naomba mtambo uzimwe mara tu wanapovishana pete. Ikishindikana, yule mwigizaji aje mwenyewe kwa baba aonekane kuwa yu mzima. Hilo nalo likishindikana, vita vyote vya zamani viangaliwe upya na wanaohusika.

Nisalimie mkata tiketi, fundi wa mtambo, na yule dada wa tochi aliyenishikia mkoba.

Ni mimi ninayeitumainia ofisi yako,
Mama wa Mtoto Anayelia

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, baba amepiga hodi. Ameingia amefura, lakini si kwa ajili yetu, anamgombeza yule mchungaji wa kwenye filamu: "Mwanao anazika mume, wewe umejifungia ndani na joho lako! Mzazi gani wewe?" Hata kuketi hajaketi, amemchukua mtoto mikononi mwangu. Jumamosi anataka tuione wote, mpaka mwisho. Tafadhali msikate hata kipande. Tuwekee viti vitatu tu. Mtoto atakaa kwa babu yake.